Waya Unaopita kwa Mzee Faki

Picha ikikatika nyumbani kwa mtu, msianze na televisheni. Nakuambieni nyinyi vijana mnaopanda mapaa ya watu siku hizi na plaisi mfukoni: anzeni na waliomo ndani. Ulizeni nani kafagia nyuma ya kabati, nani kahamisha kitanda, nani kapigilia msumari wa kutundikia kalenda. Atakayekujibu kwamba hajagusa kitu, huyo ndiye wa kumfuata.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na ushei, lakini magoti yangu yamekwisha kwa ngazi, kwa hiyo nimestaafu kabla ya wakati, bila ya kiinua mgongo wala hafla. Tangu niondoke Pemba nimekaa Tanga, nikakaa Mombasa, sasa nipo Lindi na mwakani sijui. Kila mji ninaoingia, kitu cha kwanza ninachokitazama ni waya juu ya mapaa. Nikiuona umefungwa vibaya hulala nao kichwani. Wenyeji huniona mtu mwenye kasoro, na hawakukosea sana.

Aliyenifundisha ni Maalim Nassor. Wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye alirithi jina na kanzu moja nzuri. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Wete, na miaka ile vyama vingi vilipoingia akaweka dishi kubwa nyuma ya kibanda, ving'amuzi ndani, akaanza kuvuta waya nyumba hadi nyumba. "Babu yangu alikuwa na mikarafuu," akisema, "mimi nina minazi ya kufungia waya. Sote wakulima." Mtandao ulipokuja, tukaupitisha kwenye waya ule ule.

Adui wa kwanza wa kazi hii kisiwani kwetu ni chumvi. Konekta uliyoifunga kule pwani ya Msuka ikiwa inang'aa, ukirudi baada ya masika utaikuta imegeuka unga wa kijani. Ipakeni grisi, ifungeni utepe, kisha ifungeni tena. Waya usiingie ndani moja kwa moja ukitokea juu: ushusheni kwanza chini ya tundu, ufanye tumbo, ndipo upande kuingia. Maji yatadondokea kwenye lile tumbo, hayatafuata waya hadi kwenye televisheni ya mtu. Na mkimenya waya, tazameni zile nyuzi nyembamba za wavu wa nje. Ukibaki uzi mmoja ukagusa uti wa shaba wa katikati, utabadilisha kila kitu ndani ya nyumba ile, na mwishowe utamlaumu jini.

Ruta nayo haitaki heshima. Wanawake wetu wakipenda kitu hukifunika kitambaa cha kufuma, na ruta ikifunikwa huchemka. Bi mmoja wa Wingwi aliiweka ndani ya kabati la vyombo vyake vya harusi, akalifunga kwa ufunguo, kisha akatuita kulalamika kwamba mtandao haufiki chumbani. Maalim akamwambia, "Bi mkubwa, nawe tukikufungia humo utasikika?"

"Mie husikika hata nikiwa kisimani," akajibu. "Muulize mume wangu."

Mume wake alikuwa pale pale. Akaitikia kwa kichwa.

Na kijijini Vitongoji tulikuwa na mzee tuliyemfungia dishi, akashikilia kwamba Serikali inamkatia picha kila taarifa ya habari inapoanza. Tukakaa naye barazani hadi wakati wenyewe ukafika. Taarifa ikaanza, picha ikaenda. "Mnaona?" akasema. Maalim akatega sikio, akauliza ule mlio nyuma ya nyumba ni wa nini. Ulikuwa mlio wa pampu ya maji. Mkwewe akiiwasha wakati ule ule kila siku, umeme ukishuka, king'amuzi kikizima. Tukaizima pampu, picha ikarudi. Mzee akaitazama picha, akatutazama sisi. "Basi mkwe wangu naye ni wa chama kile," akasema.

Mnacheka, na sisi tulicheka njiani. Lakini miaka ile kicheko hakikwenda mbali. Nyinyi mliozaliwa baadaye mmesikia tu. Mtu akipita duka la jirani yake akenda kununua kiberiti mtaa wa pili, kwa sababu ya chama. Watu wakihama msikiti wasisali nyuma ya imamu fulani. Harusi zilikuwa na walioalikwa na waliokatazwa. Na lililokuwa baya kuliko yote, watu waliacha kuzikana. Jeneza likipita, wengine wakifunga madirisha.

Hayo yakapanda hadi juu ya mapaa. Sisi tukivuta waya kutoka nyumba hii tunaigawia nyumba ile, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mara mwenye nyumba anakwambia, "Sitaki picha iliyopita kwa yule." Nimezungusha waya mtaa mzima ili nyumba mbili zinazotazamana milango zisigawane. Na kila unapourefusha waya na kuugawa, mawimbi yanapungua nguvu. Nyumba ya mwisho inapata chenga, mtandao unakuja na kwenda. Dawa yake ni busta, kisanduku kidogo unachokiweka katikati ya njia kiongeze nguvu. Lakini busta inataka umeme saa zote, kwa hiyo lazima ikae ndani ya nyumba ya mtu, na mtu huyo akubali.

Sasa nikuambieni kwa nini niliacha kupenda kazi hii, ingawa mikono yangu haijaacha.

Pembezoni mwa Wete, kwenye mtaa nisioutaja, kulikuwa na nyumba mbili za mwisho kabla ya bonde la mpunga. Ya mwisho kabisa ilikuwa ya Bi Time. Iliyo kabla yake ilikuwa ya kaka yake, Mzee Faki. Baba mmoja, mama mmoja, walinyonya ziwa moja. Vyama vikawagawa. Kisha mume wa Bi Time akafariki, na Mzee Faki, ambaye tawi lake la chama lilikuwa limekubaliana wasihudhurie, hakwenda hata kutia konzi ya mchanga. Tangu siku ile, ndugu wale wakawa wanapishana uchochoroni kama watu wasiojuana.

Waya wa Bi Time ulikuwa umepita kwa Mzee Faki tangu kabla ya ugomvi, na njia nyengine ya karibu haikuwepo. Mtandao ulipokuja ukawa haumfiki vizuri. Maalim akenda kwa Mzee Faki peke yake, akamweleza kwamba panahitajika kisanduku cha busta, na kwamba pahala pake ni sebuleni kwake.

"Kiweke," Mzee Faki akasema. "Umeme wangu. Lakini yeye asijue. Akijua ataukata waya kwa meno."

Tukakiweka nyuma ya televisheni yake, tukanyamaza.

Bi Time alikuwa na mtoto mmoja, Bakari. Mwaka ule wa watu kuikimbia siasa kwa mashua, Bakari naye alivuka kwenda Shimoni, upande wa Kenya, na nguo aliyovaa, na kutoka huko akasukumwa na dunia hadi akafika nchi moja ya baridi. Alimletea mama yake tableti isiyo na laini, inayotumia ule mtandao wetu tu. Kila wiki wakionana. Simu nyengine ya Bi Time ilikuwa ya kitochi, na kuipigia kutoka kule ilikuwa ghali. Kisha Bakari akapatwa na maradhi ya damu, na mwisho akalazwa, na madaktari wakamwambia yale ambayo madaktari wa kule husema wazi. Akawa anampigia mama yake kila siku baada ya alasiri.

Ndipo Mzee Faki akafariki. Siku ya tatu Bi Time akaniita.

Nilimkuta amekaa mkekani, tableti mapajani, imezima kioo. Kutoka nyumba ya pili tulisikia watu wakikusanyika kwa hitima.

"Baba, mtandao umekufa."

"Tangu lini, Bi?"

"Jumanne."

"Alipofariki kaka yako?"

"Nimekwambia Jumanne."

Nikapima pale waya unapoingia. Hapakuwa na kitu. Sikilizeni hapa, vijana: konekta mbovu hukupa kidogo, panya aliyetafuna hukupa kidogo, maji hukupa kidogo. Ukipima usipate kitu kabisa, ama waya umekatwa ama kuna kitu kimekosa umeme. Nikapanda juu, nikaufuata waya hadi ukuta wa Mzee Faki. Ulikuwa mzima. Chini yangu niliona turubai, wanaume wamekaa kimya, na uani wanawake na masufuria. Nikajua lililotokea kabla sijashuka.

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi televisheni wala redio. Maiti akitoka tu, vijana wa nyumba huchomoa kila kilicho na taa. Wamechomoa televisheni, wakachomoa na busta. Hawakumkusudia mtu.

Nikatoa mkono wa pole kwa wanaume, kisha nikazunguka mlango wa uani. Hapa pia nisikilizeni. Mjane aliye kwenye eda msimfuate chumbani, hata kama waya unawaka moto. Simama nje ya pazia, utazame chini, useme unalotaka. Bi Sharifa, mke wa Mzee Faki, akanijibu kutoka ndani.

"Makiwa, Bi Sharifa."

"Tunayo."

"Unisamehe kuja na jambo dogo siku kama hii. Nyuma ya televisheni kuna kisanduku cheupe chenye taa ya kijani."

"Kimechomolewa. Vyote vimechomolewa."

"Kile si chenu, Bi. Kile kinapeleka mtandao—"

"Nnajua kinapeleka wapi. Miaka yote hii kimekaa kwenye ukuta wangu, mume wangu akinambia Sharifa, usitie neno."

"Bakari ni mgonjwa sana. Mama yake anataka amwone."

"Bakari nimembeba mgongoni mie. Usinisomeshe Bakari." Kisha sauti yake ikashuka. "Faki kaugua humu ndani, baba. Alipokohoa, yule dada yake pale uani kwake akisikia. Nasi tukimsikia akifua. Hakuja. Kafa, hakuja. Leo tunamsomea, na dada yake yuko hapo nyuma ya ukuta."

Niligeuka nikautazama ukuta wa uani.

"Nenda kamwambie aje. Sitaki radhi yake. Aingie mlango wa mbele, watu wamwone, akae mkekani na wenziwe. Akishakaa, n'takichomeka kwa mkono wangu."

Nikarudi kwa Bi Time na habari hiyo. Ilinibidi nimwambie na lile la busta, kwa sababu vyenginevyo asingelielewa anaombwa nini na nani.

"Kwa hivyo mie nimekula umeme wa Faki," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Na nyinyi mkijua."

"Mimi na Maalim."

"Mngaliniambia ningaliukata ule waya."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Aliuinamia mkeka. Nikafikiri analia, lakini aliponyanyua uso macho yalikuwa makavu. "Mume wangu kazikwa na watu wa mbali," akasema. "Kaka yangu yuko hapo, kafunga dirisha. Nililiona linafungwa." Kisha akauliza, "Njia nyengine hakuna?"

"Ipo ya kuuzungusha waya kupitia bondeni. Lakini roli la waya lililobaki halifiki hata nusu, na jengine mpaka boti la mzigo lije."

"Lini?"

"Sijui, Bi."

Alasiri ikaadhiniwa. Akatawadha, akasali, mimi nimekaa barazani nikikwangua kutu kwenye konekta isiyohitaji kukwanguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa buibui. Aliniwekea tableti mkononi.

"Mtandao ukirudi, niite."

Nikamtazama akienda. Hakupita uchochoroni nyuma, alizunguka mbele kama alivyotakiwa. Wanaume chini ya turubai walimwona. Mmoja mmoja walivuta miguu kumpa njia. Akavua viatu. Akaingia. Wanawake wakalia wote kwa pamoja, kilio kile cha mwanzo, kama maiti ndiyo kwanza imetoka.

Nikaingia ndani kwa Bi Time nikakaa mbele ya modemu, kile kisanduku ambapo waya wake unaishia. Taa zikapepesa. Zikatulia. Kabla sijanyanyuka, tableti ikaita.

Nilipokea, kwa kuwa kuiacha ikate niliona ni vibaya zaidi. Uso ukajaa kioo. Nilimjua Bakari kijana; ilinibidi nimtafute ndani ya uso ule.

"Wewe nani? Mama yuko wapi?"

"Ni fundi wa waya. Subiri nimwite, yupo jirani hapo."

"Jirani kwa nani?"

"Kwa mjomba wako Faki."

Nilikuwa nishafika mlangoni, na picha ikaanza kukwama. Kuta za mawe za nyumba zetu zinanywa mawimbi kama mchanga unavyokunywa maji. Ukivuka kizingiti umeshapoteza kila kitu. Nikarudi hatua moja ndani.

"Mama kaenda kwa mjomba?" akauliza.

"Mjomba wako kafariki, Bakari. Jumanne. Leo hitima."

Hakuwa ameambiwa. Alifumba macho, akasoma alichosoma. Kisha akauliza, "Na mama kaingia ndani?"

"Kaingia."

"Mlango gani?"

"Wa mbele. Watu wote wamemwona."

Akanyamaza hata nikadhani picha imekwama, nikageuka kuzitazama taa za modemu. Zilikuwa zimetulia. Ni yeye aliyekuwa kimya.

"Usimwite," akasema.

"Kaniambia nimwite."

"Akitoka sasa hivi watasema kafuata simu. Watasema hivyo mpaka afe. Mwache akae."

Mama yake ameniambia hivi, na yeye, akiwa na mipira puani, ananiambia vile. Nikabaki pale kizingitini. Kilio kilikuwa kimepoa, wameanza kusoma, sauti za wanawake zinapanda na kushuka.

"Ndiyo wao hao?" akauliza.

"Ndiyo wao."

"Nielekeze huko."

Nikaigeuza tableti, kioo kikatazama nyumba ya Mzee Faki, nikainyoosha mikono yote miwili pale pale mawimbi yanapoishia. Sikuuona uso wake tena kwa muda. Mara moja tu aliuliza, "Huyo mwenye sauti nzito ni mama?" Nikatega sikio, nikamwambia ndiye, na kweli alikuwa ndiye. Baadaye nikasikia mtu wa upande wake akisema naye kwa lugha ya kule. Nilipoigeuza niliona mkono wa muuguzi, kisha dari, kisha ikakatika. Mtandao wetu haukuwa na kosa.

Bi Time alirudi karibu na magharibi. Aliziona taa za modemu kwanza, kisha mimi.

"Kapiga?"

"Kapiga."

"Mbona hukuniita?"

"Kanikataza, Bi. Kasema ukitoka watasema umefuata simu."

Akakaa, buibui bado mwilini. "Kweli niliifuata simu," akasema. Baada ya kitambo akaongeza, "Nilipokaa tu, Sharifa kanilalia begani. Nikasahau." Hakunitazama aliposema hivyo.

Tukampigia. Tableti ikaita hadi ikachoka. Tukapiga tena, ikaita. Habari ya msiba ilikuja asubuhi, kwa ile simu ya kitochi, sauti tu, na wa kwanza kufika kwa Bi Time walikuwa watu wa nyumba ya Mzee Faki, wote isipokuwa Bi Sharifa, ambaye eda yake haikumruhusu kutoka. Huyo alisimama nyuma ya ukuta wa uani wake, wakaitana kwa majina, yeye huku na mwenziwe kule.

Lakini jioni ile, kabla hatujajua lolote, Bi Time aliweka tableti chini, akaniuliza uso wa mwanawe ulikuwaje.

"Picha ilikuwa safi, Bi," nikamwambia. "Haikuwa na chenga."

"Sikukuuliza picha."

Nikazirejesha plaisi mkobani. Nikakaa chini mbele yake, nikaanza na paji la uso, nikashuka taratibu, nisiruke kitu.